Miguu inayozama pembeni mwa picha: Washairi wa kisasa na kazi za wachoraji

KATIKA jumba la makumbusho ya kifalme ya sanaa mjini Brussels, Ubelgiji, imetundikwa picha ya rangi ambayo upana wake unazidi mita moja kwa kiasi kidogo tu. Anayeipitia kwa haraka humwona mkulima mwenye shati jekundu akitembea nyuma ya farasi na plau. Chini yake yupo mchungaji aliyeegemea fimbo, kondoo wamemzunguka, naye ameinua macho mbinguni. Ukingoni mwa maji ameketi mvuvi. Bahari ina rangi ya kijani, jua limegusa upeo wa macho na merikebu imejaza matanga ikiiacha pwani.

Ni baada ya kutazama mara ya pili ndipo jicho hukumbana na miguu miwili mitupu majini, kwenye pembe ya kulia, kati ya merikebu na ufuo. Kiwiliwili chote cha mwenye miguu hiyo kimekwisha kuzama. Huyo ni Icarus, kijana wa hekaya za Wagiriki aliyetengenezewa mabawa ya manyoya na nta na babake, Daedalus, akaonywa asilikaribie jua, asisikie. Nta iliyeyuka, akaanguka. Picha inamhusu yeye, na hata jina lake limo katika anwani, lakini mchoraji amempa nafasi ndogo kuliko aliyompa farasi wa mkulima.

Picha hiyo huhusishwa na Pieter Bruegel Mkubwa, mchoraji wa nchi za Flandria aliyefariki mwaka wa 1569. Katika karne ya 20 iliandikiwa mashairi na washairi wa mataifa mbalimbali, na mawili kati ya mashairi hayo yamekuwa mfano unaotajwa kila panapojadiliwa uhusiano wa ushairi wa kisasa na sanaa za kuonekana kwa macho.

Uhusiano huo una jina lake la kale. Wagiriki waliuita ekifrasi, yaani kukieleza kitu kwa ukamilifu hadi msikilizaji akione mbele yake. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili asiichanganye ekifrasi na taswira. Neno taswira, lililotokana na Kiarabu, lenyewe lina maana ya kuchora, na katika uhakiki wetu hutumika kwa picha yoyote inayojengwa akilini kwa maneno: mawimbi, machozi, mti uliokauka. Katika ekifrasi kitu kipo tayari. Kimekwisha kuchorwa, kuchongwa au kujengwa na mtu mwingine, na mshairi anasimama mbele yake akiwa mgeni.

Mifano ya zamani ni mingi. Homer alitumia sehemu kubwa ya kitabu cha 18 cha utenzi wake wa vita vya Troy kuielezea ngao ya shujaa Achilles, ngao ambayo haikuwahi kuwako ila katika utenzi huo. John Keats, kijana wa Kiingereza aliyefariki akiwa na umri wa miaka 25, aliandika mwaka wa 1819 shairi linalousemesha mtungi wa Kigiriki wenye michoro ya watu waliogandishwa katika furaha yao. Kati ya wawili hao walipita wahakiki waliobishana kuhusu nani mkubwa, mchoraji au mshairi.

Katika ubishi huo Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alitoa hoja ambayo haijachakaa. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1766 alisema kwamba uchoraji hutawala nafasi na ushairi hutawala wakati. Mchoraji huweka vitu vyote mbele yetu kwa pamoja lakini amefungwa kwenye nukta moja ya wakati. Mshairi hawezi kutuonyesha vitu vyote kwa pamoja, ila anaweza kutuambia kilichotangulia na kilichofuata. Ikiwa ni hivyo, basi mshairi anayeikabili picha hafanyi kazi ya kuirudia. Anaichukua nukta ile moja na kuuliza swali ambalo turubai haliwezi kulijibu: hawa walifanya nini baadaye?

Swali hilo ndilo alilolichukua W. H. Auden mbele ya miguu ya Icarus.

Auden, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1907, alikuwa Brussels katika majira ya baridi ya mwaka wa 1938. Mapema mwaka huo alikuwa ametembelea Uchina pamoja na rafiki yake Christopher Isherwood kuandika habari za vita kati ya nchi hiyo na Japani. Mwezi wa Septemba, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekubali mjini Munich kwamba Hitler achukue sehemu ya Czechoslovakia, na watu wengi wa Ulaya Magharibi walishusha pumzi na kurejea kwenye shughuli zao. Mnamo Desemba, Auden akaandika shairi la mishororo 21 lenye anwani ya Kifaransa inayolitaja jumba lile la sanaa.

Shairi halianzii kwa Icarus. Sehemu yake ya kwanza inazungumza kwa jumla, kwa sauti ya mtu anayetembea polepole kutoka picha moja hadi nyingine, kuhusu jinsi wachoraji wa kale walivyoielewa nafasi ya mateso katika maisha ya binadamu: kwamba hayatukii jukwaani mbele ya umati ulionyamaza, bali pembeni, huku watoto wakicheza na wanyama wakijishughulisha na yao. Ndipo katika sehemu ya pili anapoitaja picha moja kwa jina la mchoraji wake na kuishusha kama ushahidi.

Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hulipita. Picha haisemi kama mabaharia walimwona kijana akianguka. Haisemi kama mkulima alisikia chochote. Mkulima amekazia macho ardhi anayoilima na merikebu ni matanga na kamba. Mtazamaji hana njia ya kujua kilichomo vichwani mwa waliomo ndani yake. Ni Auden anayekisia kwamba mkulima huenda alisikia, na kwamba merikebu, chombo cha thamani chenye safari yake, bila shaka iliona. Kwa kukisia huko amegeuza mandhari kuwa kesi. Waliokuwa karibu wanakuwa mashahidi walioamua kwamba tukio lile halikuwa lao.

Shairi lilichapishwa mwaka wa 1939, mwaka ambao vita vikuu vya pili vilianza. Mwezi Januari mwaka huohuo mshairi mwenyewe alikuwa amepanda meli kwenda Marekani, hatua iliyomletea lawama kali nyumbani kwao. Msomaji anayeijua habari hiyo hawezi kuisoma mishororo ya mwisho, ile ya chombo kinachoendelea na safari yake, bila kuhisi kwamba mshairi alijiweka kizimbani pamoja na wengine, awe alikusudia au la.

William Carlos Williams aliikabili picha ileile takriban miaka 20 baadaye, naye akaandika jambo tofauti kabisa. Williams alikuwa daktari katika mji mdogo wa Rutherford, jimbo la New Jersey, Marekani, na kwa miongo kadhaa alitibu watoto na kuzalisha akina mama huku akiandika mashairi kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipatwa na kiharusi kilichomdhoofisha. Mfululizo wake wa mashairi 10 kuhusu picha za Bruegel ulitoka katika kitabu cha mwaka wa 1962, na mwaka wa 1963, miezi michache baada ya kifo chake, kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Pulitzer.

Shairi lake kuhusu Icarus lina beti saba za mishororo mitatu mitatu. Kwa sadfa, jumla yake ni 21 pia. Halina kituo wala koma. Mchoraji anatajwa mwanzoni kama mtoa habari, kisha maneno machache machache yanateremka ukurasani: majira ya kuchipua, mkulima na shamba lake, pwani, jua, nta. Hakuna merikebu. Hakuna mchungaji. Hakuna aliyelaumiwa. Ulimwengu unajishughulisha na uhai wake, na kijana anapozama habari yake inafika mwisho kabisa wa shairi, kama kitu kilichokaribia kusahaulika.

Kwa Auden mtu huligeukia tukio kisogo. Kwa Williams hakuna aliyegeuka, kwa kuwa hakuna aliyetazama. Majira yangekuja na shamba lingelimwa vivyo hivyo. Ukali wa Auden unahitaji mkosaji. Williams, aliyeandika vyeti vya vifo na vya kuzaliwa katika kazi yake ya kila siku, haonekani kumhitaji. Shairi la Auden ndilo linalofundishwa zaidi, labda kwa sababu lina hoja ambayo mwanafunzi anaweza kuiandika kwenye mtihani. La Williams ni gumu zaidi kulisahau.

Washairi hao wawili hawakuwa wa kwanza kumsahihisha aliyetangulia. Bruegel mwenyewe alikuwa akijibu shairi. Habari ya Icarus aliipata kutoka kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, ambaye katika kitabu cha nane cha utenzi wake wa mageuzi anawataja mvuvi, mchungaji na mkulima haohao. Katika Ovid watu hao wanaiona safari ya angani, wanastaajabu na kudhani kwamba wanaoruka ni miungu. Mchoraji aliwachukua wote watatu akawanyima mshangao wao. Alimwacha hata kwale kwenye tawi karibu na mvuvi. Kwa Ovid kwale huyo ni mpwa wa Daedalus, aliyesukumwa na mjomba wake kutoka mahali pa juu kwa wivu na kugeuzwa ndege, na ambaye sasa anashangilia msiba wa mjomba.

Kuna jambo jingine linaloitia shairi la Auden kasoro, au pengine utamu. Uchunguzi wa kitaalamu wa miaka ya karibuni umewafanya wataalamu wengi waamini kwamba picha ya Brussels si ya mkono wa Bruegel, bali ni nakala nzuri ya kazi yake iliyopotea. Katika nakala nyingine, iliyo katika jumba la Van Buuren mjini humohumo, Daedalus anaonekana angani, na hapo macho ya mchungaji yanapata sababu: anamtazama baba. Yaani katika toleo hilo yupo aliyeona kitu. Endapo Auden angelisimama mbele ya nakala hiyo Desemba ile, huenda tungelikuwa na shairi lingine.

Si kila shairi linalotokana na picha hufikia kiwango hicho. Mengi hufa kwa kosa lilelile linaloyaua maelezo ya picha magazetini: kumwambia msomaji kile ambacho jicho lake limekwisha kukiona. Mwanamke ameketi, kavaa buluu, mkononi ana barua. Maelezo ya picha yanayofaa humwambia msomaji mwanamke ni nani na barua imetoka wapi. Shairi linalofaa huenda mbele zaidi na kuuliza anayetazama anatafuta nini. Rainer Maria Rilke, aliyekuwa karani wa mchongaji Auguste Rodin jijini Paris kati ya mwaka wa 1905 na 1906, alijifunza kwa mzee huyo kukikalia kitu kwa macho muda mrefu. Katika mashairi yake ya mwaka wa 1908 limo moja kuhusu sanamu ya kale ya mungu Apollo isiyokuwa na kichwa. Linavyoendelea, jiwe lisilo na macho ndilo linalomtazama mgeni wake, na mwishoni linamtoza jambo kuhusu maisha anayoyaishi. Baada ya Rilke ikawa vigumu kwa mshairi makini kujifanya kwamba yeye ni jicho tu.

Lakini ipo picha nyingine yenye mguu majini, na mashairi yaliyotokana nayo hayana utulivu wa kumbi za Brussels.

Mwaka wa 1840 mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alionyesha jijini London picha ya merikebu ya watumwa ikiwa katika bahari iliyochafuka, machweo yamewaka kama tanuri. Anwani yake ndefu inasema wazi kinachotendeka: wafanyabiashara ya utumwa wanawatupa baharini waliokufa na wanaokufa, kimbunga kikikaribia. Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, mguu mmoja wenye pingu umeinuka juu ya maji, samaki wameuzonga, na mikono ya wengine inaonekana kati ya mawimbi. Kwa ukubwa, turubai hilo linakaribiana sana na lile la Icarus.

Wataalamu wengi huihusisha picha hiyo na yaliyotokea katika merikebu Zong mwaka wa 1781. Mabaharia wa chombo hicho, kilichomilikiwa na wafanyabiashara wa Liverpool na kilichokuwa kikielekea Jamaica, waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai. Sababu ilikuwa bima. Aliyekufa kwa maradhi chomboni alikuwa hasara ya mwenye mali, lakini aliyetupwa kwa madai ya kuokoa chombo angeweza kudaiwa fidia, pauni 30 kwa kila mtu. Shauri lililofika mahakamani London mwaka wa 1783 lilikuwa shauri la bima. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Mhakiki John Ruskin aliisifu picha hiyo mwaka wa 1843 kwa maneno yaliyokuja kuwa maarufu kuliko picha yenyewe. Alieleza maji, mwanga na rangi kwa ustadi ambao wengi wanauhesabu miongoni mwa nathari bora za Kiingereza, akasema kwamba kama angetakiwa kuuthibitisha ukuu wa Turner kwa kazi moja, angechagua hiyo. Kwamba chombo kilikuwa cha watumwa, na kwamba waliokuwa majini walikuwa watu, alikutaja katika tanbihi. Mwaka uliofuata babake alimnunulia picha hiyo iwe zawadi. Baadaye iliuzwa Marekani, na tangu mwaka wa 1899 imo katika Jumba la Sanaa la Boston.

Tanbihi hiyo ndiyo iliyomchoma David Dabydeen. Mshairi huyu alizaliwa Guyana mwaka wa 1955, katika ukoo wa Wahindi waliopelekwa huko kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na kuhamia Uingereza akiwa kijana. Mwaka wa 1994 alichapisha utenzi wa sehemu 25 aliouita kwa jina la mchoraji, Turner. Anayezungumza ndani yake ni Mwafrika aliyezama katika picha ile. Amelala majini kwa karne nyingi, chumvi imemwondoa rangi, na kumbukumbu zake zimechujuka hadi hajui tena ipi ni ya kweli. Siku moja mtoto aliyezaliwa mfu anatupwa kutoka merikebuni na kumwamsha. Msemaji anataka kumlea, anamsimulia kijiji, mifugo, dada zake na michezo ya utotoni, mambo anayoyabuni anapoyasahau.

Mbinu yenye uzito kuliko zote katika utenzi huo ni jina. Nahodha wa merikebu, anayewadhulumu watoto waliomo chomboni, anaitwa Turner. Mchoraji na muuzaji wa watu wamefungwa katika jina moja. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kumwonea msanii ambaye, kwa vyovyote, alichora picha ya kuulaani utumwa na kuionyesha katika mwaka ambao wapinzani wa utumwa walikutana London. Lalamiko hilo lina uzito. Hata hivyo Dabydeen hakuwa akiandika wasifu wa mtu. Alikuwa akiuliza ni nani anayefaidika kwa uzuri wa machweo yale, na kwa nini mtazamaji anayeondoka ukumbini akiwa ameshiba mwanga anaweza kutokumbuka mguu. Naye hakujipa ushindi rahisi. Mtoto anaukataa ulezi wa msemaji kwa tusi lilelile alilotukanwa merikebuni. Historia mpya inayotungwa vilindini inashindwa kuota mizizi. Utenzi una sehemu zilizolemewa na maneno, lakini hakuna anayeusoma kisha akaiangalia picha ile kama alivyoiangalia awali.

Mmarekani Robin Coste Lewis alikwenda mbali zaidi: hakuishughulikia picha moja, alizishughulikia anwani zake. Katika kitabu chake cha mwaka wa 2015 kuhusu safari ya Venus mweusi, kilichompa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani, shairi refu la katikati limeundwa kwa anwani na maelezo ya orodha za majumba ya sanaa pekee, ya vitu vyenye umbo la mwanamke mweusi, kutoka kazi za kale kabisa hadi za zama zetu. Alijiwekea sharti: asibadilishe maneno, ila alama za uakifishaji na mpangilio. Pale ambapo majumba ya sanaa yalikuwa yameondoa neno "mtumwa" au mengine ya aina hiyo na kuweka neno la heshima la siku hizi, yeye alirudisha la zamani. Kwa maoni yake, kulifuta neno ni kuifuta habari ya aliyetendewa.

Jina la kitabu limetoka kwenye mchoro wa Thomas Stothard wa mwishoni mwa karne ya 18. Mwafrika amesimama juu ya kombe la baharini mithili ya Venus wa wachoraji wa Italia, anasindikizwa na Neptune mwenye bendera ya Uingereza, kutoka Angola hadi visiwa vya Karibi. Safari ya kifo imevalishwa sura ya fungate. Mchoro huo nao ulitokana na shairi, lililoandikwa Jamaica na kasisi Isaac Teale mwaka wa 1765. Shairi likazaa mchoro, mchoro ukazaa shairi, na kati ya la kwanza na la mwisho imepita miaka 250.

Kuna kazi ya sanaa ambayo haimruhusu mtazamaji kukaa pembeni hata akitaka. Ukuta wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa Vietnam, uliozinduliwa Washington mwaka wa 1982, ulibuniwa na Maya Lin alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21. Ni wa mawe meusi yaliyong'arishwa hadi yanaakisi kama kioo, na juu yake yamechongwa majina zaidi ya 58,000. Yusef Komunyakaa, mshairi mweusi kutoka Louisiana aliyewahi kuwa mwandishi wa habari wa jeshi katika vita hivyo, alikifunga kitabu chake cha mwaka wa 1988 kwa shairi kuhusu siku aliyosimama hapo. Uso wake unapotea ndani ya jiwe na kujitokeza tena. Wapita njia, ndege na mbingu vinapita juu ya majina. Na msomaji hajui kwa hakika nani yuko nje ya ukuta na nani yuko ndani. Hapa hakuna mkulima wala merikebu. Anayetazama tayari yumo katika kazi anayoitazama.

Kwa msomaji wa Kiswahili hali hiyo si ngeni. Kabla ya Keats kuuandikia mtungi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa ametunga Al-Inkishafi kwa lahaja ya Kiamu, akiyakabili magofu ya Pate. Utenzi huo hufundishwa zaidi kama mawaidha kuhusu dunia ipitayo, na ni kweli ni mawaidha. Lakini mwenye kuusoma polepole ataona kwamba sehemu kubwa ya nguvu zake inatokana na macho yaliyozijua vyema kazi za mafundi. Zimo taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku uwe mchana. Kimo chombo cha sini. Zimo zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa chokaa, ambavyo waungwana wa miji ya pwani walivipanga safu juu ya safu na kuviwekea sahani kutoka ng'ambo.

Mshairi anauita moyo wake uje kutazama. Hauambii tu kwamba matajiri wamekufa. Anauonyesha kidaka kilekile, kikiwa mahali pake palepale, ila mahali pa sahani sasa pamelala makinda ya ndege. Bundi analia ndani. Kumbi zilizosikia mazungumzo ya wakubwa zimeachiwa wadudu, na buibui ametandaza utando wake. Kama Lessing angelijua Kiswahili asingelikosa mfano: ukuta unaonyesha wakati mmoja tu, wa ukiwa, nao utenzi unaziweka nyakati mbili katika kidaka kimoja.

Tofauti ya Sayyid Abdalla na Auden ni kwamba wa Pate hatafuti aliyegeuka kisogo. Anausemesha moyo wake mwenyewe, na ndio anaoukaripia kwa kutoona. Wahakiki wa Kenya wameuchambua utenzi huo kwa upande wa dini, historia na lugha. Kama shairi linalozungumza na ufundi wa wajenzi na wachongaji, bado haujapewa haki yake. Vifaa vya uchambuzi huo vipo. Zidaka za chokaa zimo hadi leo katika nyumba za kale za Lamu, mji uliowekwa kwenye orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka wa 2001, na mwenye nakala ya Al-Inkishafi mkononi anaweza kusimama mbele yake na kuisoma beti kwa beti.